Somo Moja kwa Mwezi au Matano kwa Mpigo?

Ratiba ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ualimu hapa Tabora inaweza kuwa hivi: Jumatatu saa mbili asubuhi saikolojia ya elimu, saa tano historia ya Afrika, saa nane stadi za mawasiliano. Jumanne DS (stadi za maendeleo), kisha jiografia, kisha historia tena. Ijumaa ikifika ameshapita mikononi mwa wahadhiri watano au sita, kila mmoja akimpa kazi kana kwamba wengine hawapo. Katikati ya semesta testi zinarundikana ndani ya siku chache, na mageto, vyumba vya kupanga vya wanafunzi, ya mitaa ya Ng'ambo na Isevya yanawaka taa usiku kucha. Hapo ndipo utamsikia mtu akilalamika: kwa nini wasitupe somo moja, tulimalize, ndipo watupe lingine?

Wengi huliona kama lalamiko la mtu aliyechoka, lakini kuna vyuo vilivyolichukulia kwa uzito na kupanga mwaka mzima hivyo. Kinachojulikana zaidi ni Colorado College, chuo kidogo katika mji wa Colorado Springs, Marekani, ambacho tangu mwaka 1970 kinafundisha kwa bloku. Aliyeongoza mapendekezo yale alikuwa Glenn Brooks, mwalimu wa sayansi ya siasa. Mwaka una bloku nane, kila moja ya wiki tatu na nusu. Mwanafunzi ana somo moja tu na mwalimu mmoja: kwa kawaida darasani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, mchana ni maabara au kujisomea. Jumatano ya wiki ya nne anakabidhi kazi ya mwisho, anapumzika hadi Jumatatu, anaanza somo jingine asilolijua kabisa. Akimaliza bloku 32 anahitimu.

Wengine walifuata. Cornell College ya jimbo la Iowa (usiichanganye na Cornell University ya New York) iliingia mwaka 1978. Mwaka 2018 Victoria University ya Melbourne, Australia, ikaanza bloku za wiki nne kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nacho ni chuo cha umma kinachopokea vijana wengi ambao ni wa kwanza kufika chuo kikuu katika familia zao. Kule Sweden jambo hili halina hata jina la kujivunia: programu nyingi za vyuo vikuu hupanga masomo yafuatane, moja kwa takriban wiki tano, kisha lingine, na watu wanaona ni kawaida.

Watu husema bloku ni njia ya mkato. Hesabu hazikubali. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa kumi za kujifunza, ukijumlisha kila kitu: mihadhara, semina, maktaba, kuandika, hata kufanya mtihani. Mwaka wa shahada ni krediti 120, yaani 60 kwa semesta, yaani saa 600. Ukizigawa saa hizo kwa wiki 15 za kufundishwa, siku tano kwa wiki, unapata saa nane kwa siku. Sasa chukua semesta ileile uweke bloku nne za siku 18 kila moja. Ni siku 72, na saa 600 zinakuja kuwa saa nane na dakika ishirini kwa siku. Zile dakika ishirini tu ndizo tofauti. Hata wiki za UE, yaani mitihani ya mwisho wa semesta, hazihitajiki tena, kwa sababu kila bloku inabeba mtihani wake.

Tatizo la hesabu liko kwingine. Bloku moja pamoja na mapumziko yake inakula wiki nne za kalenda. Semesta ya wiki 17 inaingiza bloku nne, haiingizi tano, na wala usifikirie saba. Chuo chenye masomo saba kwa semesta lazima kiyaunganishe yawe manne ya krediti 15 kila moja. Kwenye karatasi ni kazi ya asubuhi moja. Kwenye kikao cha idara ni vita, maana kila somo lina mwenyewe, na mwenye somo hapendi kusikia kwamba somo lake litakuwa sura ya tatu ya somo la mwenzake.

Lakini swali lenye uzito ni la kumbukumbu, na hapa watetezi wa semesta wana hoja ambayo watu wa bloku hawapendi kuijibu. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, aliyekuwa akijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha jinsi mtu anavyosahau haraka mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanashikika kuliko marudio mengi ya siku moja. Tangu wakati huo matokeo hayo yamepimwa mara nyingi sana na hayajaanguka. Mwaka 2008 Nicholas Cepeda na wenzake walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 1,350 waliojifunza mambo, wakayarudia baada ya muda tofautitofauti, kisha wakapimwa baadaye. Aliyetakiwa kukumbuka baada ya wiki moja alifaidika zaidi kwa kurudia baada ya siku moja hivi. Aliyetakiwa kukumbuka baada ya karibu mwaka mzima, pengo lililomfaa lilikuwa takriban wiki tatu.

Wiki tatu, wakati bloku nzima ni wiki tatu na nusu. Ina maana kwamba ulichosoma siku ya kwanza kinafikia wakati wake mzuri wa kurudiwa siku unayojiandaa kufunga somo, na ulichosoma wiki ya mwisho hakirudiwi kabisa. Jumatatu inayofuata akili yako inahamia kwingine.

Kuna utafiti mwingine ambao hutajwa sana dhidi ya bloku, na nadhani hutajwa vibaya. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwapa wanafunzi mazoezi ya kutafuta ujazo wa maumbo mbalimbali. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja hadi yakaisha, ndipo likaenda kwenye umbo lingine. Kundi la pili lilipewa maswali yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilitamba, likipata asilimia 89 dhidi ya 60. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani, kundi lile lilipata asilimia 20, na lililochanganyiwa likapata 63. Mtu akisoma hapo anakimbilia kusema: mnaona, kuchanganya masomo ndiyo dawa. Hapana. Kilichochanganywa ni aina za maswali ndani ya mada moja, ili mwanafunzi alazimike kujiuliza kila mara hili ni swali la namna gani na kanuni ipi inafaa. Kusoma DS saa mbili na jiografia saa tano hakumlazimishi mtu kutofautisha chochote. Mchanganyo wa Rohrer na Taylor unawezekana ndani ya bloku, na unaweza kukosekana kabisa ndani ya semesta. Aliyeandaa maswali ndiye anayeuleta au kuukosa.

Kurukaruka nako kuna gharama. Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kuhusu mtu anayeacha kazi moja kabla haijaisha akaenda kwenye nyingine: sehemu ya mawazo hubaki nyuma kwenye ile ya kwanza. Nadhani kila aliyetoka kwenye lekcha ya takwimu asiyoielewa akaingia kwenye falsafa anajua hilo bila kuambiwa.

Kwa hiyo kwa kumbukumbu, semesta inashinda? Ingeshinda kama tungeitumia ilivyokusudiwa. Semesta inakupa wiki 15 za kutawanya marudio yako, lakini haikulazimishi kurudia hata siku moja. Wanafunzi wangapi hufungua Februari walichoandika Novemba kabla ya wiki ya mwisho? Tukubaliane kwamba kinachofanyika kwenye vyuo vyetu vingi ni hiki: wiki sita za kuhudhuria na kukusanya madesa (notsi za kupeana), siku chache za kukesha kwa ajili ya testi, kimya, kisha kukesha tena kwa ajili ya UE. Mitihani ya miaka iliyopita inasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanatabiri maswali, na saa 600 zinageuka kuwa pengine wiki mbili za kazi ya kweli. Huko nako ni kubana masomo, tena bila mwalimu karibu na bila maabara.

Kwa sababu hiyo siamini kwamba tunachagua kati ya kubana na kutawanya. Tuna masomo yaliyobanwa kwa mpango na mwalimu akiwepo, na tuna masomo yaliyobanwa na mwanafunzi mwenyewe usiku wa manane. Bloku inamnyima mtu nafasi ya kuahirisha, kwa kuwa kazi ya Jumanne inatakiwa Alhamisi na hakuna somo jingine la kusingizia. Inamnyima pia nafasi ya jambo kuiva kichwani. Mtu anaweza kuipenda kwa sababu ya kwanza na kuichukia kwa sababu ya pili, na akawa sahihi mara zote mbili.

Faida nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni jinsi anayezama anavyojulikana mapema. Kwetu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaingia chuo mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na matokeo yake ya kwanza yenye uzito yanakuja baada ya UE, mwaka mpya ukiwa umeshaanza. Akiwa ameshindwa masomo matatu, anayashindwa yote kwa mpigo, na hapo kuna sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, na hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Kwenye bloku anashindwa somo moja, wiki ya nne, na bado ana mengine ambayo hayajaguswa na hilo lililomwelemea. Victoria University ilianza na mwaka wa kwanza kwa sababu za namna hii, na kwa taarifa zake yenyewe ufaulu ulipanda.

Kusema kweli, na sisi tumeshaonja bloku bila kuiita hivyo. Aliyepita chuo cha ualimu anakumbuka BTP, mazoezi ya kufundisha: wiki unazoenda shuleni kufundisha tu, huna lekcha, huna testi, unaamka na andalio la somo na unalala na andalio la somo. Wengi watakuambia walijifunza ualimu pale kuliko kwenye semesta zote. Mwanafunzi wa udaktari akiwa wodi ya watoto yuko wodi ya watoto kwa wiki kadhaa, kisha anahamia wodi ya wazazi. Hakuna anayependekeza awe wodi ya watoto Jumatatu, upasuaji Jumanne na wazazi Jumatano ili atawanye kumbukumbu. Tunakubali kwamba kuna mambo ambayo hayajifunzwi kwa vipande vya dakika hamsini.

Tabora ina mambo mengi ya namna hiyo. Darasa la historia linalosoma misafara ya karne ya 19 lina Kwihara nje kidogo ya mji, ambako Livingstone alibaki kwa miezi kadhaa mwaka 1872 baada ya Stanley kuondoka. Lina Urambo ya Mirambo, mtemi aliyefariki mwaka 1884. Lina reli ya kati, iliyofika hapa mwaka 1912 na kuingia Kigoma mwaka 1914, na ukishashuka Kigoma, Ujiji iko pale pale. Darasa la bloku linaweza kupanda treni, likalala Kigoma, likazunguka Ujiji siku mbili, likarudi na kuandika, na hakuna mhadhiri wa somo lingine atakayenuna kwamba wanafunzi wake wametoroshwa. Kwenye semesta safari hiyo inafanyika Jumamosi, tena ikibahatika, na inaishia Kwihara kupiga picha.

Hata hivyo maisha hayafuati kalenda ya chuo. Chukua ufugaji nyuki, maana mkoa huu ni wa asali. Siku 18 mfululizo porini na mizinga ni bora kuliko saa tatu kila Jumatano bila shaka. Lakini kutoka yai hadi nyuki wa kazi ni takriban wiki tatu, kwa hiyo bloku nzima inaona kizazi kimoja tu, na pengine isikione kikikamilika. Na asali hairinwi kila mwezi. Bloku ikiangukia wakati maua hayapo, mwanafunzi atasoma kurina kwenye picha. Kilimo ndiyo kabisa: jaribio la mahindi au tumbaku linataka msimu, na msimu hautajali kwamba bloku yako imeisha Jumatano saa sita.

Hisabati na lugha ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Zote mbili zinataka kidogo kila siku kwa muda mrefu, na ukiziacha miezi mitano zinaota kutu. Colorado College wenyewe walilijua hilo: wana masomo madogo ya pembeni yanayokwenda sambamba na bloku, yakiwemo ya lugha, ili mtu asipoteze Kifaransa chake akiwa kwenye kemia. Hata chuo kilicho baba wa bloku, basi, hakibaki na somo moja tupu.

Sasa tuje kwenye gharama. Darasa la Colorado College kwa kawaida halizidi wanafunzi 25. Tuseme kusahihisha karatasi moja ya insha kunachukua robo saa. Darasa la watu 25 ni saa sita na robo, mwalimu anamaliza ndani ya yale mapumziko na usingizi anapata. Darasa la watu 200 ni saa 50. Mapumziko ni siku nne na nusu. Ni zaidi ya saa kumi na moja kwa siku, na bado hajajumlisha alama, hajapitisha kwa msahihishaji wa pili, hajaandaa bloku inayoanza Jumatatu. Maktaba nayo ina nakala tatu za kitabu ambacho watu 200 wanakitaka ndani ya siku zilezile 18. Quest University ya Canada, iliyofunguliwa mwaka 2007 ikiwa imejengwa yote juu ya mpango huu wa madarasa madogo, ilisimamisha masomo mwaka 2023 kwa matatizo ya fedha. Sitasema bloku ndiyo iliyoiua, ila madarasa madogo ni ghali popote pale.

Halafu kuna malaria. Ukilala wiki moja kwenye semesta umepoteza sehemu moja kati ya 15 za kila somo, na madesa ya mwenzako yanakuokoa. Ukilala wiki moja kwenye bloku umepoteza siku tano kati ya 18, zaidi ya robo ya somo zima. Vilevile msiba nyumbani Sikonge au Kaliua, au ada iliyochelewa kwa sababu mzee anasubiri malipo ya tumbaku kutoka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mpango wa bloku kwetu ungelazimika kuwa na utaratibu wa mtu kujitoa siku za mwanzo bila adhabu na kuirudia bloku hiyo baadaye mwaka uleule, na hilo linataka somo lifundishwe zaidi ya mara moja. Kwa wahadhiri wapi?

Kuna bloku mbaya pia, na wanafunzi wa vyuo vya mikoani wanaifahamu. Ni ile ya mhadhiri wa kuja, anayetoka mbali wakati semesta imeshaenda nusu, anafundisha asubuhi na jioni kwa wiki mbili, anatoa testi siku ya kuondoka. Ukimuuliza aliyepitia hapo kuhusu kusoma somo moja mfululizo, atakuambia ni balaa, na ana haki. Lakini yale yalikuwa mihadhara ya wiki 15 iliyosukumwa kwenye wiki mbili bila kubadilishwa chochote, huku masomo mengine yakiendelea. Huwezi kumhutubia mtu saa tatu kila asubuhi kwa siku 18. Vyuo vya bloku vililazimika kuacha mhadhara mrefu na kujaza saa hizo kwa mjadala, maabara, kuandika na kutoka nje. Mhadhiri asiyetaka kubadilika ataharibu bloku haraka zaidi kuliko anavyoharibu semesta.

Kwa wanaofanya kazi huku wakisoma, mwalimu wa sekondari anayejiendeleza jioni kwa mfano, saa nane kwa siku haziwezekani, na huo ndio mwisho wa habari kwake. Anachoweza kufaidika ni kusoma somo moja kwa mwendo wa polepole, jambo ambalo ni mpango mwingine kabisa.

Ningekuwa na kura kwenye chuo cha hapa, nisingepigia bloku kamili. Ningepigia masomo mawili kwa wiki nane, kisha mawili mengine, na bloku halisi moja kwa mwaka kwa somo linalotoka nje ya geti. Wiki nane zinatosha mada ya wiki ya kwanza kurudiwa wiki ya nne na tena ya saba, ambako ndiko ule utafiti wa Cepeda unakotuelekeza. Mwanafunzi anabaki na wahadhiri wawili badala ya sita, na mwaka wa kwanza unapata matokeo kabla ya Krismasi au muda mfupi baada yake. Saikolojia na historia zingeanza pamoja, hisabati ningeiacha iendelee mwaka mzima saa moja kila siku. DS ningeiacha ilipo, hadi apatikane wa kusahihisha karatasi 500 kwa wiki.